Bwawa la Mindu: Mzee anayenywesha Morogoro naye anahitaji kliniki

Ukitoka stendi ya Msamvu mjini Morogoro na kushika barabara ya Iringa, milima ya Uluguru ikiwa mkono wa kushoto, nyumba huanza kupungua na mashamba ya mahindi kuongezeka. Kilometa chache mbele, maji mengi yaliyotulia hujitokeza kati ya vilima. Hilo ndilo Bwawa la Mindu.

Kwa abiria wa mabasi ya Mbeya na Songea, ni mandhari ya dakika mbili tatu, kisha macho yanarudi kwenye simu. Kwa mzazi wa Morogoro ni habari nyingine. Sehemu kubwa ya maji yanayotoka kwenye mabomba ya manispaa huanzia hapa. Uji wa mtoto, maji ya kuogeshea mchanga, ndoo ya kunawia mikono mlangoni mwa choo cha shule: vyote vinategemea bwawa ambalo wengi wanaolitumia hawajawahi kulisogelea.

Bwawa hili si kubwa ukililinganisha na Mtera, wala halifiki popote mbele ya lile la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji. Pia si kijana. Limezeeka likiwa kazini, kama walivyozeeka mabwawa mengi madogo ya maji ya kunywa Afrika Mashariki. Hapo ndipo linapohusu ukurasa wa familia, kwa sababu bwawa linapougua, wa kwanza kuumia ni watoto: wale wanaokunywa maji yake, wale wanaochezea kingo zake na wale wanaolala kwenye nyumba zilizo bondeni chini ya tuta.

Marika wa Mazimbu

Mto Ngerengere hukusanya maji ya vijito vinavyoshuka Uluguru upande wa Mlali na Mzinga. Ujenzi wa kuuziba mto huo pale Mindu ulianza mwishoni mwa miaka ya 1970, na bwawa likaingia kazini miaka ya 1980. Huo ulikuwa wakati Morogoro ikitazamiwa kuwa mji wa viwanda: viatu, ngozi, turubai, nguo. Viwanda hutaka maji, na watu wanaofuata ajira viwandani hutaka maji zaidi.

Ukishuka na mto kutoka kwenye tuta unafika Mazimbu, mahali ambapo chama cha ANC cha Afrika Kusini kilianzisha shule ya Solomon Mahlangu mwaka 1978 kwa ajili ya vijana waliokimbia ubaguzi wa rangi. Shule ilikabidhiwa kwa serikali ya Tanzania mwaka 1992, na leo majengo yake ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Bwawa na shule ile ni marika. Waliosoma pale wakiwa vijana sasa ni babu na bibi.

Viwanda vingi vya enzi zile vilifungwa, ila watu hawakupungua. Sensa ya mwaka 2012 iliikuta Manispaa ya Morogoro na wakazi takribani 316,000. Ile ya 2022 ikakuta zaidi ya 470,000. Katika miaka kumi, kila watu wawili waliokuwa wakisubiri bomba wameongezewa wa tatu, na chanzo kikuu kimebaki kile kile.

Tuta la udongo linavyosimama

Mtu akisikia neno bwawa huenda akafikiria ukuta mrefu wa zege. Mindu ni bwawa la tuta. Ni mlima mrefu wa udongo ulioshindiliwa, uliolazwa kukingama bonde, mawe yakipangwa upande wa maji ili mawimbi yasiule udongo. Mabwawa mengi madogo duniani yamejengwa hivyo, kwa sababu udongo unapatikana palepale na gharama yake ni nafuu. Tuta la udongo likijengwa vizuri na kutunzwa linaweza kuishi zaidi ya miaka 100.

Pamoja na tuta kuna viungo vingine. Kuna mahali maji yanapochukuliwa kupelekwa kwenye mtambo wa kusafishia wa Mafiga. Kuna utoro, ile njia pana iliyojengwa ili maji ya ziada yapite wakati wa masika bila kuligusa tuta. Na kuna mguu wa tuta, upande wa chini usio na maji, ambako wataalamu hupenda kutembea taratibu wakiangalia ardhi.

Kazi ya utoro ni ya uhai na kifo. Tuta la udongo huvumilia mambo mengi, lakini halivumilii maji kupita juu ya mgongo wake. Yakianza kupita hapo yanachimba udongo kama yanavyochimba shamba lisilo na matuta, na kinachofuata huhesabiwa kwa saa tu. Kwa hiyo, mzazi wa Morogoro anayeona maji yakimwagika kwenye utoro wakati wa masika asikimbilie kutangaza kwenye kundi la WhatsApp kwamba bwawa limepasuka. Hivyo ndivyo lilivyopangwa kufanya. La kuogopa ni utoro uliozibwa na magogo na magugu, au uliopasuka zege lake, au ulio mdogo kuliko mafuriko ya leo.

Adui wa pili haonekani. Kila tuta la udongo hupitisha maji kidogo kwa ndani, na hilo si ugonjwa. Maji machache, meupe, yanayotiririka kwa kipimo kile kile miaka nenda rudi, mafundi huyapima na kuyaandika. Siku yakianza kutoka na tope, au yakiongezeka wakati kina cha bwawa hakijaongezeka, maana yake ni kwamba yanabeba udongo wa tuta lenyewe. Ndani kunachimbika njia. Njia hiyo ikikua, tuta linatobolewa kama embe lenye funza, juu likionekana zima.

Kinachozeesha bwawa

Mti ulioota juu ya tuta unapendeza na una kivuli. Mizizi yake, hata hivyo, inapenya ndani kutafuta maji, na siku mti ukifa mizizi inaoza na kuacha mashimo. Ndiyo maana watunza mabwawa hutaka nyasi fupi tu, si miti wala vichaka. Fuko, panya na nungunungu huchimba. Mchwa hujenga kichuguu ambacho kwa nje ni rundo dogo, kwa ndani ni mtaa mzima wa njia. Ng'ombe wanaopandishwa tuta kila jioni kwenda kunywa huacha vijia, mvua ikinyesha vijia vinakuwa mifereji. Bodaboda inayopita juu ya tuta kukwepa mzunguko nayo huacha alama yake.

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoangusha bwawa kwa siku moja. Hatari yake ni kwamba kila kimoja ni kidogo kiasi cha kuachwa hadi mwakani.

Kisha kuna tope, ambalo ndilo tatizo linalotajwa zaidi Mindu. Misitu na miteremko ya Uluguru inapolimwa bila makinga maji, mvua huushusha udongo hadi mtoni, na mto huuleta bwawani. Pale maji yanapotulia, udongo unazama. Bwawa linajaa kuanzia chini, mahali ambapo hakuna anayeona. Anayesimama ukingoni anaona maji mengi kama zamani, kumbe chini yake kina kimeliwa.

Hasara yake ni mara mbili. Wakati wa kiangazi bwawa linaisha mapema, kwa hiyo mgao unakuja mapema. Wakati wa masika linajaa haraka, kwa hiyo nafasi ya kupokea mafuriko inapungua na utoro unafanya kazi zaidi kuliko ulivyozoea. Mtoto wa mjini anayechota maji kwa zamu na mkulima anayelima mteremko wa Mlali wamefungwa kwenye kamba moja.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mito, maziwa na mabwawa. Ni eneo lisilozidi hatua 100 za mtu mzima. Hapo nyasi na miti ya asili huchuja udongo, samadi na dawa za mashamba kabla havijaingia majini. Palipolimwa hadi mdomoni mwa maji, hakuna kichujio.

Masika mawili, mwisho tofauti

Jioni ya Mei 9, 2018, katika eneo la Solai, Kaunti ya Nakuru nchini Kenya, bwawa la udongo lililokuwa kwenye shamba binafsi lilipasuka baada ya majuma ya mvua kubwa. Lilikuwa juu ya kilima na vijiji vilikuwa chini. Maji na tope vilishuka wakati familia zikiwa nyumbani, wengine wakijiandaa kulala. Watu zaidi ya 40 walikufa, watoto wengi wakiwa miongoni mwao. Baada ya maziko ndipo nchi nzima ilianza kuuliza maswali: nani alikuwa analikagua, kibali kiko wapi, yapo mangapi mengine kama hilo?

Mwaka uliofuata, Agosti 2019, bwawa la tuta la Toddbrook nchini Uingereza, lililojengwa karne ya 19, lilipata mvua kubwa na zege la utoro wake likabomoka. Chini yake kulikuwa na mji mdogo wa Whaley Bridge. Watu wapatao 1,500 walihamishwa. Pampu zikaletwa kushusha maji, helikopta ya jeshi ikamwaga mawe kwenye shimo. Hakuna aliyekufa. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba utoro ule ulikuwa na kasoro za usanifu, na matengenezo ya kusuasua yakazidisha ubaya.

Tofauti ya Solai na Whaley Bridge isielezwe kwa utajiri tu. Uingereza nako bwawa lilikuwa na kasoro, na nako matengenezo yalilegalega. Kilichookoa watoto wa Whaley Bridge ni kwamba bwawa lilikuwa na watu wanaolitazama, kulikuwa na wa kupigiwa simu, na watu walipoambiwa waondoke waliondoka.

Kuna mfano wa tatu, usio na kilio, ambao unaifaa zaidi Morogoro. Bwawa la Sasumua, katika miinuko ya Aberdare nchini Kenya, lilijengwa miaka ya 1950 na hulisha sehemu ya Jiji la Nairobi. Mvua za mwaka 2003 ziliharibu utoro wake. Nairobi haikusombwa na maji, bali ilipungukiwa na maji. Bwawa la maji ya kunywa likiumia, hata kama tuta halijaanguka, mji mzima unaanza kuhangaika na madumu.

Ugonjwa wa bwawa unavyofika jikoni

Maji ya Mindu hayapelekwi moja kwa moja bombani. Katika mtambo, shabu hutiwa ili chembe za tope zishikane na kuzama, kisha maji huchujwa na kuwekewa klorini ya kuua vijidudu. Maji yakiingia yakiwa na tope jingi, kazi inakuwa ngumu na dawa inatumika nyingi zaidi. Tope pia huwakinga vijidudu wasifikiwe na klorini vizuri.

Mgao nao una madhara ambayo familia nyingi hazijui. Bomba lenye maji muda wote lina msukumo unaozuia uchafu kuingia kwenye vijitundu vyake. Maji yakikatwa msukumo unakwisha, na majitaka yaliyo karibu na bomba lililotoboka yanaweza kunyonywa ndani. Ndiyo maana maji ya kwanza baada ya mgao wa siku mbili huja na rangi au harufu. Hayo yaachwe yamwagike kwenye ndoo ya kudekia au kumwagilia mboga, yasiwekwe kwenye chupa ya mtoto.

Kwa nyumba yenye mtoto chini ya miaka mitano, kanuni ni zile zile ambazo wahudumu wa afya hawachoki kuzirudia. Maji ya kunywa yachemshwe hadi yatokote yakirukaruka kwa dakika moja, au yatiwe dawa ya kutibu maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Yakiwa na tope, yaachwe yatuame kwanza na kuchujwa kwa kitambaa safi. Yahifadhiwe kwenye chombo chenye mfuniko, ikiwezekana chenye koki, ili mkono na kikombe visiingie ndani. Ndoo iliyo wazi inaharibu maji yaliyosafishwa vizuri.

Mtoto akiharisha, apewe maji ya chumvi chumvi yanayoitwa ORS pamoja na zinki, aendelee kunyonya au kula, na apelekwe kituoni haraka akiwa na macho yaliyodidimia, akilegea au akishindwa kunywa. Kuhara maji mengi mfululizo kama maji ya mchele si jambo la kusubiri asubuhi, kwa sababu kipindupindu huweza kuua kwa saa chache.

Ukingoni ambako watoto huvutwa

Hakuna mtoto anayepita karibu na maji mengi yaliyotulia asitamani kuyagusa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Bwawa lina mitego ambayo mto wa kawaida hauna. Ukingo unaweza kuwa na tope laini linaloshika miguu, na hatua mbili mbele kina kikashuka ghafla. Karibu na mahali maji yanapochukuliwa na kwenye utoro kuna mvuto ambao hata mtu mzima anayejua kuogelea hawezi kushindana nao.

Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele. Hana pumzi ya kuitia. Wenzake huona kichwa kikishuka, wanadhani anapiga mbizi. Kumwambia mtoto "usiende bwawani" peke yake hakutoshi. Ajue sababu, na ajue kwamba mwenzake akitumbukia asimrukie, bali arushe dumu tupu lenye kizibo au kamba, huku akiita mtu mzima. Dumu la lita tano lililofungwa vizuri linaelea na linaweza kumshikilia mtoto.

Tishio jingine kwenye kingo ni kichocho. Konokono wa maji baridi wanaoishi kwenye maji yaliyotulia yenye magugu hubeba vimelea vinavyopenya ngozi ya anayeoga, anayevua au anayefua. Mtoto akianza kukojoa damu, au kuwa na damu kwenye choo na maumivu ya tumbo yasiyoisha, apelekwe kupimwa. Dawa ipo na tiba ni rahisi ikiwahiwa. Naye mtoto asijisaidie majini wala ukingoni, kwa sababu mayai ya kichocho hutoka kwa mkojo na choo, na mzunguko huanza upya.

Chini ya tuta

Kutoka Mindu, Ngerengere hupita Mazimbu na kuzunguka upande wa kaskazini wa mji kabla ya kuelekea Mto Ruvu. Bonde lake lina mashamba ya mboga, viwanja vya mpira, shule na nyumba nyingi. Mita moja ya ujazo ya maji, yaani ndoo 50 za lita 20, ina uzito wa tani moja. Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimeta 15 tu, yaani chini ya magoti ya mtu mzima, yanaweza kumwangusha. Sentimeta 30 zinaweza kulisukuma gari dogo. Bodaboda iliyopakia wanafunzi watatu haina nafasi hapo.

Familia inayoishi bondeni ina mambo manne ya kujua. Kwanza, ni upande gani ulio juu na njia ipi inafika huko bila kuvuka mto au korongo. Pili, mahali pa kukutana iwapo mtatawanyika, pawe shule au msikiti au kanisa lililoko mwinuko. Tatu, nani atambeba mtoto mdogo, na nani atamshika mkono bibi. Nne, vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki na kadi za bima viko wapi, vikiwa kwenye mfuko wa plastiki unaoweza kunyakuliwa gizani. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Tahadhari za mvua kubwa hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa, na siku hizo ndizo za kutowaacha watoto wavuke mto peke yao kwenda shule.

Yote hayo yafanywe bila kutishana. Mwenye gari hufunga mkanda bila kutarajia ajali.

Kadi ya bwawa iko wapi?

Kila mama aliyewahi kupeleka mtoto kliniki anaijua ile kadi yenye rangi za kijani, kijivu na nyekundu. Nesi hamtazami mtoto akasema "anaonekana mzima" na kumruhusu. Anampima, anaweka nukta kwenye kadi, anaunganisha na nukta ya mwezi uliopita. Mtoto anaweza kucheka vizuri huku mstari wake ukishuka. Kadi ndiyo inayomshtaki ugonjwa kabla haujaonekana usoni.

Bwawa hukaguliwa kwa namna hiyo hiyo. Kina cha maji leo, kiasi kinachovuja mguuni, rangi ya kinachovuja, nyufa zilizopimwa urefu, usawa wa mgongo wa tuta kama umedidimia, tope limefika wapi. Kipimo cha mara moja hakisemi kitu. Ni mfululizo wake unaosema.

Kisheria, jambo hili lina mwenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inazungumzia usalama wa mabwawa, na kanuni zake za usalama wa mabwawa zilitolewa mwaka 2013. Kwa Mindu, mamlaka ya maji ya Morogoro, MORUWASA, ndiyo inayotegemea bwawa hilo kuhudumia mji, na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, yenye makao yake Morogoro, ndiyo inayosimamia rasilimali za maji za bonde. Kuna pia mpango wa kuliinua tuta ili bwawa libebe maji zaidi, kwa fedha za Shirika la Maendeleo la Ufaransa, AFD.

Kuinua tuta ni habari njema kwa mji uliokua. Ila tuta likibeba maji mengi zaidi, uangalizi nao unatakiwa uongezeke. Na Uluguru ikiendelea kumwaga udongo, nafasi mpya itajazwa tope kama ile ya zamani.

Mzazi hahitaji kuwa mhandisi ili kuuliza. Kwenye mkutano wa mtaa, maswali matano yanatosha. Bwawa lilikaguliwa lini mara ya mwisho, na nani? Utoro umesafishwa kabla ya masika? Nyumba zetu ziko ndani ya eneo ambalo maji yangefika bwawa likipata tatizo? Tutajulishwaje usiku, kwa king'ora, kwa spika za misikiti na makanisa au kwa simu ya mwenyekiti? Nani anapokea taarifa mwananchi akiona maji ya tope yakitoka chini ya tuta, na namba yake ni ipi?

Swali la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote, kwa sababu mkaguzi huja na kuondoka, lakini mvuvi, mchunga ng'ombe na mama anayelima bustani chini ya tuta wapo kila siku. Wao ndio watakaoona kwanza kichuguu kipya, mfereji uliochimbika baada ya mvua, sehemu iliyolowa wakati wa kiangazi. Mtu huyo akiona na asijue pa kusema, macho yake hayasaidii. Akisema na asisikilizwe, mara ya pili atanyamaza.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa bwawa la udongo, methali hiyo inapaswa kusomwa kama maelekezo ya fundi. Ufa wa leo huzibwa kwa toroli chache za udongo na mafundi wawili. Kabla masika hayajaanza, mwenyekiti wa mtaa anaweza kuombwa aweke ajenda moja tu kwenye mkutano ujao, bwawa, na amwalike mhusika aje na majibu. Wazazi wakihudhuria wengi kama wanavyohudhuria kikao cha matokeo ya darasa la saba, majibu yatapatikana.